Usukani: Safari ya Neno kutoka Jahazini hadi Gereji

Yapo maneno ambayo hukaa katika lugha kwa karne nyingi bila kuzusha mjadala, mpaka siku chombo kipya kinapoingia nchini na kuyatwisha kazi ambayo hayakuizoea. Neno usukani ni mojawapo ya maneno hayo. Katika makala haya tunakusudia kulifuata neno hilo tangu majahazini hadi katika magari ya siku hizi, ambayo usukani wake husaidiwa na mota ya umeme. Swali letu ni hili: mfumo huo mpya uitweje kwa Kiswahili, na ugonjwa wake na tiba yake vielezwe namna gani, ili fundi, dereva, mwalimu na mfasiri wasipotezane njiani? Swali lenyewe ni la lugha, lakini jawabu lake likikosewa hasara yake huonekana barabarani, na pengine katika hesabu za fedha za umma.

Tumeichagua Ngerengere, katika Wilaya ya Morogoro, iwe mahali pa kulitazamia jambo hili. Ngerengere si bandari wala si mji wa viwanda vya magari. Ni stesheni. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilipita hapo na kufika Morogoro mwaka 1907. Mashamba ya mkonge ya sehemu hizo yakaleta manamba, kisha matrekta na malori. Tangu Juni 2024 treni ya umeme ya reli mpya husimama Ngerengere, kati ya Ruvu na Morogoro. Basi kila chombo kilichopita hapo kilipita na maneno yake, na maneno hayo hayakuondoka chombo kilipoondoka.

Treni, iwe ya moshi au ya umeme, haina usukani; reli yenyewe ndiyo inayoiongoza. Lakini abiria akishashuka stesheni humaliza safari yake kwa gari au pikipiki. Na akitazama magharibi ataiona Milima ya Uluguru, ambako barabara kama ile itokayo Bigwa kwenda Matombo na Kisaki hupanda, huteremka na kupinda ubavuni mwa milima. Katika njia za namna hiyo maneno "usukani umekuwa mzito" si maneno ya kupuuzwa. Ni lazima asemaye na asikiaye wawe na maana moja.

Usukani wa baharini

Neno usukani asili yake ni sukkan ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ule ubao uliofungwa tezini mwa chombo, unaozama majini na kukipa chombo mwelekeo. Mabaharia wa mwambao hawakuwa na neno hilo peke yake, bali walikuwa na ukoo mzima wa maneno. Mkono wa kuugeuzia usukani uliitwa kana. Kamba za kuuvuta huku na huku ziliitwa njari, na kila moja yake ni ujari. Mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo aliitwa msukani, na juu yake alikuwapo nahodha.

Msomaji atazame jinsi kila kiungo kilivyokuwa na jina lake: kilichogusa maji, kilichoshikwa na mkono, na kilichoviunganisha viwili hivyo. Baharia aliyepiga kelele kwamba ujari umekatika alieleweka mara moja, wala hakuna aliyeinama kuukagua ubao. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya istilahi iliyokamilika: hupeleka mkono wa mtengenezaji mahali palipoharibika.

Neno lilipohamia katika gari, maana yake iligeuka. Liliacha kile kinachogusa maji, likaenda kwa kile kinachoshikwa. Leo usukani wa gari ni duara lililo mikononi mwa dereva. Magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yafanyayo kazi ya ule ubao wa majini, hayaitwi usukani hata kidogo. Mageuzi haya si ya Waswahili peke yao. Waarabu wa Ghuba nao huliita duara la gari sukkan, kwa neno lilelile la vyombo vyao. Hata Waingereza walilitoa neno lao la kuongoza gari katika kazi ya kuongoza merikebu.

Tena magari ya kwanza kabisa hayakuwa na duara. Gari la Karl Benz la mwaka 1886 liliongozwa kwa mkono mfupi uliofanana sana na kana ya jahazi. Duara lilionekana mwaka 1894, Mfaransa Alfred Vacheron alipolifunga katika gari lake la Panhard kwa ajili ya mashindano ya kutoka Paris hadi Rouen. Kwa kufuata maumbile, basi, kana ilikuwa na haki ya kuingia garini kuliko usukani. Lakini magari yalipozoeleka kwetu duara lilikwisha kushinda, na kana ikabaki baharini.

Neno lapanda bara

Magari ya injini yalionekana kwa wingi katika sehemu za Morogoro wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza yaliyoongozwa na Jenerali Smuts yaliingia mjini Morogoro tarehe 26 Agosti, 1916, na malori yalikuwa miongoni mwa vyombo vyao vya uchukuzi. Hata hivyo mvua na ukosefu wa njia viliyakwamisha malori, mbung'o wakawaua wanyama wa mizigo, na sehemu kubwa ya shehena ikaishia vichwani mwa wapagazi. Jina la Kiingereza la kikosi cha wapagazi hao, likiisha kutamkwa Kiswahili, ndilo lililobaki Dar es Salaam kama Kariakoo. Mahali hapo palipoitwa kwa jina la watu waliobeba mizigo kwa sababu magari hayakutosha, leo ni miongoni mwa mahali ambapo mafundi wa mikoani huagiza spea.

Baada ya vita magari yaliongezeka, na msamiati wake ukakusanyika bila kamati wala mkutano. Neno gari lenyewe lilitoka Bara Hindi. Breki, gia, klachi, tairi, springi na spana yalitoka kwa Waingereza. Kijana aliyezungusha injini kwa mkono ili iwake aliitwa taniboi, na baadaye likaja neno utingo kwa msaidizi wa dereva wa lori. Katikati ya umati huo wa maneno mapya, usukani ulisimama kama mzee wa zamani asiyeondolewa katika kiti chake.

Lakini mzee huyo alibaki bila jamaa zake. Viungo vilivyo chini ya duara vilipewa majina ya Kiingereza: shafti, tairodi, boljointi. Hakuna aliyeukumbuka ujari, ingawa tairodi hufanya kazi ileile ya kupeleka mwendo wa mkono mpaka kwenye kile kinachoelekeza chombo. Mfumo wa kuongoza gari ukawa na kichwa cha baharini na miguu ya kigeni, na neno usukani likaanza kutumika kwa vitu viwili: pengine duara peke yake, pengine mfumo mzima kuanzia duara hadi magurudumu. Kwa miaka mingi utata huo haukumdhuru mtu, kwa kuwa mfumo wenyewe ulikuwa chuma kitupu, na fundi alikiona kwa macho kila kiungo kilicholegea.

Pawa stelingi

Dereva wa lori lililopakia alijua uzito wa usukani kwa mabega yake. Mwaka 1926 Mmarekani Francis W. Davis alionyesha mtambo wa mafuta uliomsaidia dereva kugeuza magurudumu, na mwaka 1951 kampuni ya Chrysler ikauza gari la kwanza la abiria lenye mtambo wa aina hiyo. Katika mfumo huo pampu huzungushwa na injini kwa njia ya mkanda. Pampu huyasukuma mafuta kwa shinikizo, na mafuta hayo husukuma upande ule ambao dereva anaugeukia.

Kwetu mfumo huu uliingia pamoja na malori, mabasi na matrekta, kisha magari madogo, na jina lake likaingia nao: pawa stelingi, au pawa tu. Fundi husema "gari hili lina pawa", au "pawa inavuja", na wenzake humwelewa. Jina hilo lina pacha asiye na udugu nalo. Katika mabanda ya filamu stelingi ni shujaa wa mchezo, na watazamaji hushikilia kwamba stelingi hafi. Stelingi ya gari haina ahadi hiyo.

Watu waliotaka Kiswahili kitupu walilifasiri jina hilo neno kwa neno, wakapata "usukani wa nguvu". Maneno yote mawili ni yetu, lakini yakiunganishwa humpoteza msomaji. Neno la Kiingereza lililofasiriwa "nguvu" lina maana ya nishati ya mtambo, kama inavyosemwa juu ya kituo cha kuzalisha umeme. Kwa Kiswahili kitu "cha nguvu" ni kitu chenye ubavu, au kinachotaka nguvu. Kwa hiyo asikiaye mara ya kwanza huweza kudhani kwamba usukani wa nguvu ni ule unaotaka kukazwa misuli, yaani kinyume kabisa cha ukweli. Na akiambiwa kwamba nguvu za usukani zimekwisha, huelewa kwamba gari haliongoziki tena. Kosa hili la pili ndilo la hatari, nasi tutalirudia.

Mota badala ya mafuta

Mwaka 1988, nchini Japani, gari dogo la Suzuki Cervo lilitoka na mfumo mpya. Pampu, mkanda na mafuta viliondolewa, na mahali pake pakawekwa mota ya umeme. Mfumo huo uliundwa na kampuni ya Koyo Seiko, ambayo mwaka 2006 iliungana na Toyoda Machine Works ikawa JTEKT. Sababu ya mageuzi hayo ilikuwa ya uchumi. Pampu ya mafuta huilemea injini wakati wote, hata gari linapokwenda njia iliyonyooka, ilhali mota hutumia umeme mwingi pale tu dereva anapogeuza. Toyota Prius ya mwaka 1997 ilikuwa na mfumo huu, na katika miaka iliyofuata ukaenea hata katika magari madogo ya bei nafuu.

Magari hayo ndiyo yaliyotufikia kwa wingi. Tangu masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, magari yaliyotumika Japani yamekuwa yakiingia Tanzania kwa maelfu, kwa kuwa Japani pia huendesha upande wa kushoto na usukani wa magari yake uko kulia kama wetu. Toyota IST, iliyoanza kuuzwa mwaka 2002, ni mfano unaojulikana katika kila mji. Kitabu cha maelekezo kinachofuatana na gari la namna hiyo aghalabu kimeandikwa Kijapani, na maandishi ya redio yake ni ya Kijapani pia. Hivyo fundi wa Ngerengere, kama fundi wa mji wowote mdogo, alipokea chombo kipya kisicho na maelezo katika lugha anayoisoma. Akakiita kwa jina alilokuwa nalo: pawa stelingi. Jina hilo alilizoea katika mfumo wenye mafuta, na hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Yafaa tueleze jinsi mfumo unavyofanya kazi, ili ionekane kwamba Kiswahili hakishindwi. Ndani ya mhimili unaoshuka kutoka kwenye duara mna kijiti cha chuma ambacho husokoteka kidogo sana dereva anapogeuza. Sensa hupima msokoto huo. Kompyuta ndogo, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, hupokea kipimo hicho pamoja na kipimo cha mwendo wa gari, kisha huamua mota ipewe umeme kiasi gani na izunguke upande gani. Mota hupeleka msaada wake kwa gia ya parafujo. Katika magari mengi madogo mota hufungwa kwenye mhimili wenyewe. Katika mengine hufungwa chini, karibu na magurudumu. Gari likienda polepole msaada huwa mkubwa, na likienda kasi msaada hupunguzwa ili duara lisiwe jepesi kupita kiasi.

Jambo moja linastahili kusisitizwa. Katika magari haya chuma kinachounganisha duara na magurudumu bado kipo, kama ilivyokuwa zamani. Umeme ukikatika, kinachopotea ni msaada, uongozi haupotei. Usukani utakuwa mzito, pengine ghafla, lakini magurudumu yatamtii dereva atakayeshika kwa mikono miwili na kupunguza mwendo. Dereva aliyefundishwa hivyo atalisimamisha gari salama katika mteremko wa Matombo. Dereva aliyefundishwa kwamba "nguvu za usukani zimekwisha" huweza kuliachia duara na kutafuta mlango.

Kupima na kutambua

Sasa tuje kwenye ugonjwa. Mafundi wetu, tangu zamani, hulisema gari kama mgonjwa: lina ugonjwa, linakohoa, limezidiwa, limepona. Kazi ya kuutafuta ugonjwa huo imepewa majina mengi. Wako wasemao daignosi, wako wasemao uchunguzi, na wako waliopendekeza uaguzi. Neno uaguzi lina asili nzuri, lakini kwa watu wengi bado lina harufu ya ramli, na fundi hapigi ramli. Neno lililo midomoni mwa mafundi wenyewe ni kupima: "nenda ukalipime gari kwa kompyuta."

Tunaona kwamba hapa pana kazi mbili, na kila moja inastahili jina lake. Ya kwanza ni kupima, yaani kuunganisha chombo cha kusomea na gari, na kupokea alama za hitilafu zilizohifadhiwa. Alama hizo huanza na herufi, na zile zihusuzo usukani mara nyingi huanza na C, inayosimama badala ya chasisi. Ya pili ni kutambua, yaani kuujua ugonjwa wenyewe na sababu yake. Alama isemayo kwamba kipimo cha sensa si sahihi haisemi kama sensa imekufa, au waya wake umelika, au betri imechoka. Chombo husoma; anayetambua ni fundi. Asiyetenganisha maneno haya mawili hubadilisha kifaa cha bei kubwa pale palipohitaji waya wa bei ndogo.

Utaratibu wa kutambua, kama unavyofundishwa, huanza na yaliyo rahisi. Kwanza hutazamwa upepo wa tairi na hali ya boljointi na tairodi, maana usukani mzito au gari linalovuta upande mmoja huweza kuwa ni ugonjwa wa chini, wala umeme hauhusiki. Pili hupimwa betri na altaneta. Mota ya usukani huweza kudai makumi ya ampea kwa mara moja, na umeme ukiwa dhaifu kompyuta hupunguza msaada au huukata kabisa. Injini ikiwa inaunguruma, altaneta nzima huonyesha kama volti 13.5 hadi 14.5. Tatu hukaguliwa fyuzi, waya wa ethi na viungio, hasa katika gari lililopita kwenye maji mengi, kwa kuwa kutu ndogo katika kiungio huzuia umeme mwingi. Nne ndipo alama husomwa na kulinganishwa na yaliyoonekana.

Ziko dalili ambazo si ugonjwa. Dereva akigeuza usukani mara nyingi hadi mwisho, gari likiwa limesimama, mota hupata joto na kompyuta hupunguza msaada ili kuilinda. Mota ikipoa msaada hurudi. Ziko pia dalili zenye kudanganya. Gari linalojivuta lenyewe upande mmoja huweza kuwa na magurudumu yasiyolingana, au sensa ambayo sifuri yake imehama. Baada ya kubadilisha sensa, mhimili au kompyuta, ni lazima fundi aiweke upya sifuri ya sensa kwa kufuata maagizo ya gari husika, magurudumu yakiwa yamenyooka na pasiwe na mkono juu ya duara. Mwenye duka hufanya vivyo hivyo na mizani yake kabla ya kupima sukari. Tena fundi asilifungue duara kabla ya kukata betri na kusubiri kwa muda uliowekwa, kwa sababu ndani yake mna mfuko wa hewa ambao hulipuka.

Kwa dereva lililo kubwa ni taa. Picha ya duara lenye alama ya mshangao, au herufi EPS, ikiwaka wakati wa safari, ni onyo kwamba msaada una hitilafu. Na dereva anayezima injini mteremkoni ili kubana mafuta hujikatia msaada huo kwa mkono wake mwenyewe, uwe wa mafuta au wa umeme, na breki nazo hupoteza msaada wake baada ya kukanyagwa mara chache.

Kipimo cha istilahi

Historia hii inatufundisha nini sisi tunaoshughulika na maneno? Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipoanza kazi, watunga istilahi walikubaliana kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo waende mbali. Utaratibu huo umetupatia maneno yenye afya, kama ngeli, iliyotoka Kihaya. Lakini si kila neno lililotungwa limeishi. Ngamizi ilitungwa, na watu wakaendelea kusema kompyuta.

Kwa hiyo hatupendekezi kuufufua ujari ili ukae mahali pa tairodi, ingawa moyo unavutwa. Tairodi haimpotezi mtu. Fundi akilitaja hushika kiungo kinachostahili kushikwa. Pawa stelingi nayo hatuikatai kwa sababu ya ukoo wake wa kigeni. Tunaikataa katika maandishi rasmi kwa sababu haitenganishi mafuta na umeme. Na "usukani wa nguvu", ambao ni Kiswahili kitupu, tunaukataa kwa bidii zaidi, kwa kuwa husema uongo juu ya kile kinachopotea mfumo unapoharibika. Kwa maoni yetu istilahi ya ufundi ipimwe kwa kosa inaloliepusha, si kwa nasaba yake.

Kwa kipimo hicho tunayaleta mapendekezo yafuatayo ili yajadiliwe:

Usukani: duara ambalo dereva hulishika ili kuongoza gari.

Mfumo wa usukani: viungo vyote kuanzia duara hadi magurudumu ya mbele.

Mhimili wa usukani: chuma kinachoshuka kutoka kwenye duara na kupeleka mgeuko wake chini.

Usukani saidizi: mfumo wa usukani wenye mtambo unaopunguza uzito mikononi mwa dereva. Neno saidizi limezoeleka tangu zamani katika sarufi, kwa kitenzi kisaidizi, ambacho nacho hakiondoi kitenzi kikuu.

Usukani saidizi wa mafuta: ule ambao msaada wake hutoka kwa pampu.

Usukani saidizi wa umeme: ule ambao msaada wake hutoka kwa mota.

Sensa ya msokoto: kifaa kinachopima jinsi kijiti cha mhimili kilivyosokoteka.

Kuweka sifuri: kuirudisha sensa mahali pake pa kuanzia.

Kupima: kusoma alama za hitilafu kwa chombo. Kutambua: kuijua sababu ya hitilafu.

Faida ya mapendekezo haya haiko katika gereji peke yake. Matengenezo ya magari ya Serikali husimamiwa na Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulioanzishwa mwaka 2005, na kila tengenezo huanza na hati aliyoiandika mtumishi wa ofisi fulani. Hati isemayo tu "pawa stelingi mbovu" humruhusu mtengenezaji asiye mwaminifu kudai fedha za pampu na mafuta katika gari lisilo na pampu wala mafuta. Hati isemayo "usukani saidizi wa umeme umepoteza msaada, taa ya onyo inawaka" hufunga mlango huo kwa maneno machache.

Tungependa mapendekezo yetu yajaribiwe kwanza mahali ambapo lugha na spana hukutana. Mjini Morogoro kuna chuo cha VETA cha Kihonda, na kuna Chuo cha Walimu wa Ufundi Stadi, ambacho wahitimu wake hufundisha sehemu mbalimbali za nchi. Jaribio lenyewe halina gharama. Mwalimu awasomee madereva na wanafunzi onyo la taa ya usukani kwa maneno ya zamani, kisha kwa maneno haya, na baada ya kila mara awaulize swali moja: taa hii ikiwaka ukiwa mteremkoni, utafanya nini? Istilahi itakayowafanya wengi wajibu kwamba watashika kwa mikono miwili, watapunguza mwendo na kusimama pembeni, hiyo ndiyo ichapishwe, hata kama si ile tuliyoipendekeza sisi.